FUNDISHO: MAJI MACHAFU YA KIWANDA CHA KARATASI

Kitabu hiki unachoshika kilikuwa mti. Kiwandani mti unakatwa vipande vidogo, unapikwa katika dawa kali kusudi nyuzi zake ziachane. Karibu nusu tu ya mti inakuwa karatasi. Nusu ingine inayeyuka katika maji meusi. Kiwanda chema huchoma sehemu kubwa yake, lakini mabaki hutoka pamoja na maji ya kuoshea. Yakifika baharini, yanapatwa na nini?

1. Vitu vinavyooza upesi. Fikiri juu ya mihogo unayoloweka katika kijito. Baada ya siku chache maji yananuka, na samaki wadogo wanapanda juu kutafuta hewa. Sababu gani? Mikrobe inakula mihogo, na inapokula inamaliza oksijeni, ile hewa njema iliyo ndani ya maji. Baharini ni vivyo hivyo. Sukari na asidi za mti zinaliwa upesi. Uchafu unapungua, lakini oksijeni inapungua pia. Pahali maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, hasara ni ndogo. Katika ghuba iliyofungwa, samaki wanakufa.

2. Vitu vinavyooza polepole. Nyuzi zinazama na kufanya matope mazito yasiyo na oksijeni. Humo hutoka harufu ya yai bovu. Na lignini, yaani gundi inayoshikanisha nyuzi za mti, inapaka maji rangi ya chai kwa muda mrefu.

3. Vitu vinavyokataa kuoza. Karatasi ikifanywa nyeupe kwa klorini, sumu ya dioksini inatokea. Inashika matope na mafuta ya samaki, inadumu miaka mingi. Kwa hiyo viwanda vingi viliacha klorini tupu tangu miaka ya 1990.

Sikia habari ya Boat Harbour, katika jimbo la Nova Scotia, Kanada. Watu wa kabila la Mi'kmaq walivua samaki na kuokota chaza pale. Mwaka 1967 kiwanda kilianza kumwaga maji yake humo. Baadaye walichimba mabwawa ya kutuliza uchafu, wakatia hewa kwa mashini kusudi mikrobe ifanye kazi yake. Hata hivyo, mahali pa kuvua palikuwa pamepotea. Mwaka 2014 bomba la maji machafu lilitoboka, na wenyeji wakafunga njia. Mwaka 2015 serikali ya jimbo ilitoa sheria, na tarehe 31 Januari 2020 maji yale yalikatazwa. Lakini dioksini na zebaki zilibaki katika matope. Kufunga bomba ni kazi ya siku moja. Kusafisha matope ni kazi ya miaka.

Basi, ndugu, usiseme, «Maji ni mengi, yatajisafisha yenyewe.» Mengine yanasafishwa, mengine yanafichwa chini tu. Hata kwako nyumbani, usiloweke mihogo juu ya pahali wenzako wanapoteka maji. Anayekaa chini ya kijito ni jirani yako.

Maulizo
1. Kwa nini samaki wanakosa hewa mikrobe inapokula uchafu?
2. Ni vitu gani vinavyobaki katika matope?
3. Katika kijiji chako, mihogo inalowekwa wapi, na maji yanatekwa wapi?