Kasi ya Dozi ya Mionzi na Tishu Zenye Afya

Mvua ya milimita 50 ikinyesha taratibu kutwa nzima katika mashamba ya Mkuza, Kibaha, ardhi huinywa. Kiasi hichohicho kikimwagika kwa nusu saa, maji hutiririka na kuchukua udongo. Maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni kasi. Mionzi itibuyo saratani nayo ina jambo hili la kasi, na umuhimu wake ni mkubwa, kwa kuwa mionzi ielekezwayo kwenye uvimbe hupita pia katika tishu zenye afya.

Dozi ya mionzi hupimwa kwa grei. Grei 1 ni nishati ya jouli 1 iliyofyonzwa na kilo 1 ya tishu. Kasi ya dozi ni idadi ya grei zitolewazo kwa kila sekunde au dakika.

Dozi ya polepole

Mionzi hukata nyuzi za DNA ndani ya seli. Seli yenye afya huweza kuunga sehemu kubwa ya nyuzi hizo katika muda wa saa chache. Kwa hiyo dozi ikienezwa katika saa au siku nyingi, urekebishaji huenda sambamba na uharibifu, na madhara hupungua. Katika miaka ya 1920, mjini Paris, Claudius Regaud alitumia mionzi kuwafanya kondoo dume kuwa tasa. Dozi moja kubwa iliunguza vibaya ngozi ya jirani. Ilipogawanywa katika siku kadhaa, utasa ulipatikana bila ngozi kuungua vile. Hadi leo tiba hugawanywa, mara nyingi grei 2 kwa siku, siku 5 kwa juma.

Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, mashine za kobalti-60 zimetumika kwa miaka mingi. Nguvu ya kobalti-60 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5.27. Kasi ya dozi ishukapo, muda wa tiba hurefushwa ili mgonjwa apate dozi ileile. Dakika moja kuwa mbili hakuleti tofauti kubwa katika tishu, kwa sababu urekebishaji wa seli huhesabiwa kwa saa.

Dozi ya mmweko

Kwa mantiki hiyo, dozi ya haraka mno ingetarajiwa kudhuru zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Ufaransa walitangaza matokeo tofauti. Vifua vya panya vilivyopewa grei 15 kwa kasi isiyozidi grei 0.03 kwa sekunde, yaani kwa zaidi ya dakika 8, vilipata makovu ya mapafu. Panya waliopewa dozi ya chini ya grei 20 kwa kasi ya grei 40 kwa sekunde au zaidi hawakupata makovu kwa zaidi ya majuma 36. Hata hivyo, uvimbe wa saratani ulidhibitiwa kwa njia zote mbili. Hapa mfano wa mvua unakoma.

Sababu yake haijathibitishwa. Ilidhaniwa kwamba mmweko humaliza oksijeni katika tishu, lakini vipimo vimeonyesha kuwa oksijeni itumikayo ni kidogo mno.

Mwaka 2018, huko Lausanne, Uswisi, mgonjwa wa kwanza alipewa grei 15 kwa milisekunde 90 kutibu uvimbe wa ngozi. Lakini mwaka 2022 ilitangazwa kuwa paka 3 kati ya 7 waliotibiwa saratani ya pua kwa dozi moja kubwa ya mmweko walikufa mfupa wa taya baada ya miezi kadhaa, na jaribio likasimamishwa. Kasi, basi, haifuti uzito wa dozi.

Zoezi

1. Mashine ya kobalti-60 hutoa grei 2 kwa sekunde 80. Itahitaji sekunde ngapi baada ya miaka 5.27?
2. Kwa nini matokeo ya panya hayatoshi kuamua tiba ya binadamu?