SOMO LA ROBO HII: MLANGO AMBAO KILA MMOJA ANAWEZA KUUFUNGUA

Katika Injili ya Marko sura ya 2 tunasoma habari za mtu aliyepooza, ambaye watu wanne walimbeba na kutoboa paa ili kumfikisha kwa Yesu, kwa sababu mlangoni hapakupitika. Tunapolifundisha neno hili huwa tunasifu imani ya wale wanne, na ni haki yao. Katika somo hili tuutazame na ule mlango.

Katika nyumba zetu nyingi, mtu mwenye ulemavu hukaa ndani mpaka mwenzake arudi kutoka shambani au kazini amfungulie. Moto ukitokea, hana njia ya kujiokoa. Hata pasipo hatari, kuomba ruhusa ya kutoka nje kila siku kunamwondolea mtu mzima heshima yake. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikatungwa mwaka 2010. Hata hivyo, mlango wa nyumbani hurekebishwa na mwenye nyumba na fundi wake.

Wapo wanaotuuliza kuhusu mashine zinazofungua mlango zenyewe kwa umeme. Zinafaa, lakini zije mwisho. Mashine haiwezi kupanua mlango mwembamba wala kuondoa ngazi. Tufuate mpangilio huu:

1. Upana. Fungua mlango kabisa, kisha pima nafasi inayobaki wazi, siyo fremu. Isipungue sentimita 80. 85 hadi 90 ni bora. Viti vingi vya magurudumu vya watu wazima vina upana wa sentimita 60 hadi 70, na mikono ya mwenye kiti inahitaji nafasi pembeni. Usisahau mlango wa choo, maana mara nyingi ndio mwembamba kuliko yote. Ukifunguka kwa nje ni salama zaidi: mtu akianguka ndani, mwili wake hautazuia wanaokuja kumsaidia.

2. Kizingiti na ngazi. Kizingiti kiondolewe au kisizidi sentimita moja hivi. Penye ngazi jengeni njia ya mteremko: kwa kila sentimita 1 ya kimo, sentimita 12 za urefu. Ngazi ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180. Juu, mbele ya mlango, acheni sehemu tambarare ya kama mita moja na nusu, ili kiti kisirudi nyuma wakati mtu anafungua.

3. Uzito. Funga mizani ya kuning'iniza kwenye kitasa na uvute mlango polepole. Viwango vya Marekani vinataka mlango wa ndani usihitaji nguvu inayozidi kilo 2 na robo hivi. Mlango ukiwa mzito zaidi, mwiteni seremala kwanza. Huenda bawaba zimelegea, zinahitaji mafuta, au mbao zimevimba kwa mvua.

4. Kitasa. Kitasa cha kubonyeza chini kwa kiwiko kinafaa kuliko cha duara cha kuzungusha. Kiwe kati ya sentimita 85 na 110 kutoka sakafuni. Komeo la juu ya mlango lishushwe. Upande wa ndani pigilieni kipande cha mbao au kamba ya kuvutia, ili aliyeketi aweze kufunga mlango baada ya kupita.

Kwa familia nyingi hatua hizi nne zinatosha, na fundi wa kijijini anaziweza. Mashine inahitajika pale ambapo mikono ya mtu haina nguvu kabisa, au ambapo mlango wa nje lazima uwe mzito kwa ajili ya usalama.

KABLA YA KUNUNUA MASHINE

Mashine ya nyumbani ni mota inayofungwa juu ya fremu, yenye mkono unaosukuma au kuvuta mlango. Ulizeni haya:

(a) Umeme ukikatika, je, mlango unafunguka kwa mkono kutoka ndani? Kama jibu ni hapana, msinunue, hata kama ina betri. Betri huisha.

(b) Je, mlango hufunguka taratibu na kusimama ukigusa mtu? Mtoto au mzee asiangushwe.

(c) Inawashwa kwa nini? Swichi kubwa ya ukutani inaweza kubonyezwa kwa kiwiko, na rimoti humfaa aliye kitandani. Kihisio kinachofungua kila kiumbe kinapokaribia kinafaa dukani kuliko nyumbani, kwani kitamfungulia hata mbuzi. Swichi iwekwe mahali ambapo mlango ukifunguka hautagonga kiti.

(d) Kitasa je? Mota haiwezi kusukuma mlango uliofungwa kwa komeo la kawaida. Panahitajika kitasa cha umeme kinachoachia kwanza.

(e) Nani ataitengeneza, na vipuri vinapatikana wapi? Mashine iliyotumwa na ndugu kutoka ng'ambo lazima ilingane na umeme wetu wa volti 230, nayo ikingwe na umeme unaopanda na kushuka.

Juu ya yote, msimchagulie mtu mlango bila yeye. Mwacheni ajaribu kufungua, kupita na kufunga, mchana na usiku. Yeye ndiye mkaguzi wa kweli.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika mtaa wetu, ni nani anayesubiri kufunguliwa kila siku? Tumewahi kumwuliza anahitaji nini?
2. Mlango wa kanisa letu una upana gani? Na wa choo cha kanisa?
3. Ni marekebisho gani tunaweza kuyafanya kwa mikono yetu kabla ya toleo lijalo?

Wale wanne walitoboa paa. Sisi tunaweza kuanza kwa kuchukua futi ya kupimia. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.