KILO ZA NANI? SOMO JUU YA MATABAKA KATIKA CHAMA CHA MSINGI

(Somo hili lisomwe na katibu mbele ya wanachama, kisha lijadiliwe katika vikundi.)

1. Maana ya tabaka

Watu wengi wasikiapo neno tabaka hufikiria mavazi, nyumba ya bati au idadi ya ng'ombe. Hizo ni dalili tu. Tabaka ni nafasi aliyo nayo mtu katika uzalishaji mali: nani anamiliki ardhi na vyombo vya kazi, nani analazimika kuuza nguvu zake kwa mwingine, na nani anashika fedha wakati mwenziwe hana. Nafasi hiyo huamua mambo mengi ambayo kwa kawaida husemwa kuwa ni bahati au juhudi: mtoto atasoma mpaka wapi, mgonjwa atafikishwa hospitali lini, na neno la nani litasikilizwa mkutanoni.

Katika nchi ya Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, jambo hilo lilionekana waziwazi chini ya mfumo wa nyarubanja. Mtwarwa aliishi na kulima katika ardhi isiyokuwa yake, na sehemu ya jasho lake ikaenda kwa bwana wa ardhi. Baada ya Uhuru, katika miaka ya 1960, mfumo huo ulifutwa kwa sheria. Lakini kufuta cheo cha bwana si sawa na kufuta haja ya mnyonge. Mnamo Septemba 1967, katika andiko lake la Ujamaa Vijijini, Mwalimu Nyerere alionya kwamba hata wakulima wa kijiji kimoja wanaweza kugawanyika, wachache wakawa wenye mashamba na wengi wakawa vibarua wao. Onyo hilo linavihusu vyama vya ushirika moja kwa moja, kwa kuwa wanachama wake ndio wakulima hao hao.

2. Kura ni moja, nguvu ni mbili

Watu 28 walioanzisha duka la ushirika mjini Rochdale, Uingereza, mwaka 1844, wengi wao wakiwa mafundi na wafanyakazi wa kipato kidogo, waliweka kanuni kwamba kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Kanuni hiyo ilifika pia kwa wakulima wa kahawa wa Bukoba, ambao chama chao kikuu kiliundwa mwaka 1950. Ni ngao ya mnyonge, na haipasi kuchezewa. Hata hivyo, kura humlinda mwanachama ndani ya mkutano. Haimlindi katika mambo yanayotokea nyumbani kwake miezi sita kabla hajafika kwenye mizani.

3. Butura kwa hesabu

Mkoani Kagera, kuuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya chini na kwa fedha za papo hapo, huitwa butura. Katika mikoa ya Mtwara na Lindi, ununuzi wa korosho nje ya utaratibu hujulikana kwa jina la kangomba. Majina ni mbalimbali, lakini shida inayomsukuma muuzaji ni moja. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, ili jambo lieleweke.

Mwanachama wa kwanza ana mibuni michache, naye anatazamia kuvuna kilo 300 za kahawa ya maganda. Mwezi wa Januari mtoto wake anatakiwa shuleni, na nyumbani hamna kitu. Anahitaji shilingi 150,000. Mwanachama wa pili, mwenye shamba kubwa, anampa fedha hizo kwa ahadi ya kilo 150, yaani shilingi 1,000 kwa kilo. Msimu unapofika, chama kinalipa shilingi 2,500 kwa kilo. Kilo zile 150 sasa ni shilingi 375,000. Mwanachama wa kwanza amepoteza shilingi 225,000. Kwa maneno mengine, amekopa kwa miezi sita na kulipa riba ya shilingi 150 kwa kila shilingi 100.

Lau chama kingemkopesha fedha zile zile kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, angelipa riba ya shilingi 18,000 tu.

Yapasa kusema kweli: mwanachama wa pili si lazima awe mtu mbaya. Mtoto aliingia shuleni kwa sababu yake, na huenda wazazi walimshukuru kwa moyo wote. Tabaka halihitaji ukatili ili lifanye kazi. Linahitaji tu mmoja awe na akiba na mwingine awe na haja.

4. Daftari lisilosema yote

Hapa ndipo katibu anapoingia. Mwanachama wa pili amevuna kilo 2,000 katika shamba lake, na amechukua kilo 150 kutoka katika kila nyumba kati ya nyumba kumi. Anafikisha ghalani kilo 3,500, zote kwa jina lake. Mwanachama wa kwanza anafikisha kilo 150. Karani anapima sawasawa na kuandika sawasawa. Hakuna aliyeiba kwenye mizani.

Lakini angalia yanayofuata. Malipo ya pili yakija, yanafuata kilo zilizoandikwa. Pembejeo za mkopo zikigawiwa kwa kufuata mauzo ya msimu uliopita, mwenye kilo 3,500 anapata nyingi na mwenye kilo 150 anapata kidogo au anakosa. Mwaka unaofuata shamba lake linatoa mavuno haba zaidi, na Januari inamkuta na shida kubwa zaidi. Hatimaye, katika mkutano mkuu, mmoja anasifiwa kuwa mkulima hodari na mwingine anaonywa aache uvivu. Daftari limegeuza haja ya mtu kuwa uvivu wake, na akiba ya mtu kuwa uhodari wake. Wanachama wakisikia hivyo mwaka baada ya mwaka, hata mnyonge mwenyewe huanza kuamini.

5. Ndani ya mkutano

Mwenye nafasi huhudhuria, husoma makabrasha na huzungumza bila hofu. Mwenye deni hukaa nyuma. Pengine siku hiyo yumo kibaruani katika shamba la mjumbe anayegombea. Akinyoosha mkono, hutazama kwanza uso wa yule anayemdai. Mwanamke aliyepalilia na kuchuma kahawa hayumo kabisa, kwa kuwa jina lililoandikishwa ni la mumewe. Kura ni huru kwa maandishi, lakini imekwisha kufungwa na deni.

6. Mambo ya kufanya

Butura imepigwa marufuku mara nyingi. Marufuku peke yake huihamishia gizani, na bei ya gizani huwa mbaya zaidi. Chama kinaweza kufanya haya:

(a) Kuwa na daftari la mashamba lenye idadi ya mibuni ya kila mwanachama, na kulilinganisha na kilo zinazoletwa. Kilo zikizidi uwezo wa shamba, au zikipungua mno, Bodi iulize sababu kwa heshima.

(b) Kuanzisha mfuko wa dharura kwa idhini ya mkutano mkuu, na kuufungua kabla ya Januari. Mkopo mdogo unaofika kwa wakati una faida kuliko mkubwa unaochelewa.

(c) Kulipa upesi. Chama kinachokaa na fedha za mkulima kwa miezi kinampeleka chenyewe kwa mnunuzi wa butura.

(d) Kugawa pembejeo kwa kufuata daftari la mashamba, si kilo za mwaka uliopita peke yake.

(e) Kuandikisha wanawake wanaolima, na kupiga kura ya siri kila panapochaguliwa viongozi.

Hakuna hata moja kati ya haya litakaloondoa matabaka nchini. Lakini chama cha msingi kiliundwa ili mnyonge asisimame peke yake mbele ya mwenye fedha. Kama Januari anasimama peke yake, mizani ya Julai haitamsaidia.

Maswali ya kujadili

1. Katika chama chenu, ni miezi ipi wanachama huishiwa fedha, na kwa sababu zipi?
2. Msimu uliopita, je, kilo zilizoandikwa zililingana na mashamba ya walioandikiwa?
3. Ni nani ambaye hajapata kusema neno katika mkutano mkuu wenu? Nini kinamzuia?