Unarudia Nini Kila Siku?

Jumapili nilikuwa naabudu, Jumatatu nafokea watoto. Nikajiambia, "Ndivyo nilivyoumbwa."

Mwaka wa 2000, watafiti wa London walichapisha vipimo vya ubongo wa madereva wa teksi waliokariri barabara za mji huo. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi, inayotunza kumbukumbu za njia, ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine, hasa kwa walioendesha miaka mingi. Kumbe ubongo hufuata unachorudia!

Yoshua aliagizwa kutafakari Neno mchana na usiku (Yoshua 1:8), si Jumapili pekee. Siku hizi alfajiri narudia mstari mmoja polepole, namwomba Roho Mtakatifu anisaidie. Juzi mtoto alimwaga chai. Nilinyamaza, nikachukua kitambaa.

Wewe je, unarudia nini?