Kumwita Mtoto "Mwizi"

Mwezi huu tujifunze habari za jina baya. Mtoto ameiba kuku mara moja. Kesho yake kijiji kizima chamwita "mwizi". Je, jina hilo humtisha, au humfundisha kazi?

Frank Tannenbaum wa Marekani alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1938. Kifungo alikijua: mwaka 1914 aliongoza watu wasio na kazi kuomba hifadhi katika makanisa ya New York, akafungwa mwaka mmoja. (Makanisa mengine yaliwapokea, nalo tulikumbuke.) Alisema kwamba mtoto akiisha kutangazwa kuwa mbaya, watu huliona jina tu, naye mwisho hujiona hivyo hivyo. Watoto wema wakikatazwa kucheza naye, nani atampokea isipokuwa wezi? Basi huenda kwao akajifunza.

Je, tusikemee? La, hasha! John Braithwaite wa Australia, mwaka 1989, alipambanua aibu mbili: moja humtupa mtu, nyingine hukemea tendo kisha humrudisha mtu kwa watu wake. Sisi tuliofundisha twajua kuwa "umeiba" na "wewe ni mwizi" si neno moja.

Mwaka huo huo New Zealand ilitunga sheria ya kumketisha kijana aliyekosa pamoja na jamaa zake, na aliyekosewa akialikwa, ili wapatane jinsi atakavyolitengeneza kosa lake. Wala si adhabu nyepesi, maana yampasa kumtazama usoni yule aliyemwibia.