Madhabahu Haikabidhiwi Mgeni: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Wakristo wa Mkwaja tu wachache, na uchache una hatari yake. Akija mgeni na spika kubwa akisema ametumwa kuvunja ngome za majini wa pwani, tunampa madhabahu hata hatujajua jana alilala wapi.

Usimpe mtu mimbari kwa sababu ana sauti. Aonyeshe barua ya kanisa lililomtuma, na aliyeitia sahihi apigiwe simu. Kisha wazee wamkalishe, wamhoji. Mtumishi wa kweli huulizwa akajibu. Anayesema kumhoji ni kumpinga Roho aondoke siku hiyo hiyo, hata kama watu wamejaa hadi nje.

Usinunue upako. Nimeona kwa macho yangu dumu la mafuta ya alizeti likimiminwa kwenye vichupa nyuma ya turubai, gundi ya picha ya mtumishi ikiwa bado mbichi. Jioni kila kichupa kiliuzwa shilingi 5,000. Mama mmoja alitoa nauli aliyoiweka ya kumpeleka mwanawe hospitali Pangani. Simoni mchawi alitaka kuununua uwezo wa Mungu, Petro akamkemea. Hawa wetu wanauuza. Na kule Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiyakimbilia mafuta ya upako.

Usimtaje mtu kuwa mchawi. Kamwe! Bibi mwenye macho mekundu amepikia kuni maisha yake yote, basi. Ukimtaja madhabahuni umewapa vijana ruhusa ya panga.

Usiwatukane Waislamu kwenye spika. Ndio wanaotusaidia kuchimba makaburi tukifiwa. Paulo alipowaorodheshea Waefeso silaha za vita vya kiroho, hakuzielekeza kwa jirani yeyote.

Ombea mgonjwa, kisha mpeleke zahanati. Mfungo uwe na siku ya kwisha, na mtoto asifungishwe. Shakahola ni pwani hii hii, juu kidogo tu, Kilifi. Tangu 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafe njaa wamwone Yesu.

Sadaka ihesabiwe na watu watatu, mbele ya watu, iandikwe daftarini.

Yote haya yanamhusu mchungaji wetu pia. Akikataa daftari lifunguliwe, wazee wamwandikie askofu wiki hiyo hiyo, wasingoje Pasaka.