Adui Ajifichaye Ndani ya Mlaji Wake

Chota maji ya ziwa Tshangalele, au ya mto Lufira, uyatie katika gilasi, uyatazame kwenye jua. Pengine utayaona meupe, nawe utasema, "Maji haya ni mazuri." Lakini jicho la mtu halioni kila kitu. Soma somo hili, kisha uyatazame tena.

1. MLAJI NA CHAKULA CHAKE

Majini na katika matope mna viumbe vidogo sana viitwavyo amiba. Mwili wa amiba ni chembe moja tu. Hana kinywa wala tumbo kama letu. Akikutana na bakteria, hunyosha mwili wake, humzunguka pande zote, na kumfungia ndani ya kifuko. Kisha humimina maji makali ndani ya kifuko kile, na bakteria huyeyuka. Hivyo ndivyo amiba alavyo.

Usimchanganye amiba huyu na yule aletaye kuhara damu. Yule hukaa matumboni mwa watu. Huyu hukaa majini na udongoni, na jina lake ni akantameba.

2. ALIYEMEZWA ASIFE

Mtoto akila mapera, nyama ya tunda huyeyuka tumboni, lakini mbegu hutoka nzima. Wako bakteria walio kama mbegu zile. Tena wengine wamezipita, kwa maana huzaana mle mle walimofungiwa.

Mwaka 1976, katika mji wa Philadelphia, Marekani, watu waliokutana hotelini walishikwa na ugonjwa wa mapafu, na zaidi ya 25 wakafa. Bakteria aliyewaua aliitwa legionela. Mwaka 1980 mtaalamu wa Uingereza, Rowbotham, alionyesha ya kuwa bakteria huyu huzaana ndani ya amiba. Akiisha kumezwa, huzuia maji makali yasimiminwe katika kifuko chake. Hukivika kifuko hicho vitu vya mwili wa amiba mwenyewe, hata amiba humwona kama mtu wa nyumbani. Hula, huzaana, na mwisho amiba hupasuka, na bakteria wengi hutoka.

Je, na kipindupindu? Wataalamu wameonyesha katika maabara ya kuwa bakteria wa kipindupindu naye aweza kuishi na kuzaana ndani ya akantameba.

3. NYUMBA YENYE GANDA

Maji yakikauka, au dawa kali ikitiwa, amiba hujikunja na kujifanyia ganda gumu lenye kuta mbili. Aliye ndani yake hujificha pamoja naye. Ndiyo maana dawa ya klorini, iuayo upesi bakteria walio wazi majini, huenda isimfikie yule aliye ndani ya ganda. Ni kama mwizi aliyeingia nyumbani mwa askari: nani atamtafuta huko?

4. JAMBO HILI LATUHUSUJE?

Katika damu yetu mna chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Baadhi yake hula bakteria kama amiba alavyo. Bakteria aliyejua kumshinda amiba aweza kuzishinda chembe hizi pia, na legionela hufanya hivyo. Bakteria wa kifua kikuu naye hujificha ndani yake. Hii ni sababu moja ya mgonjwa wa kifua kikuu kumeza dawa miezi mingi, hata akijiona amepona.

Nasi wa Katanga twakijua kipindupindu. Mwaka 2008 kiliwashika watu wengi Likasi na Lubumbashi.

5. FANYA HIVI

Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote kwa nguvu, uyaache yatokote dakika moja au zaidi. Moto hupita ganda.

Kama kuni hazitoshi, usiiache klorini, maana huokoa wengi. Chuja maji kwanza kwa kitambaa safi, tia dawa kwa kipimo, ungoje dakika 30.

Sugua chombo cha maji ndani mara kwa mara. Amiba hupenda utelezi ulio ukutani mwa chombo. Kisha kifunike.

Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kula.

Mtu akihara maji meupe kama maji ya mchele, usingoje kesho. Mpeleke hospitali mara moja, na njiani mnyweshe maji haya kidogo kidogo: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Anyweshwaye mapema hupona. Akaushwaye maji mwilini aweza kufa kwa saa chache.

MASWALI

1. Amiba hulaje?
2. Legionela hufanya nini asiyeyuke?
3. Kwa nini moto hupita klorini kwa nguvu?
4. Maji ya kunywa nyumbani mwako yalichemshwa leo? Na nani?